Kuota jua kwa kipimo: kumrudishia mgonjwa usiku na mchana wake, kwa walio Kigoma

Mgonjwa aliyelala ndani miezi mitatu, dirisha la mbao limefungwa na chandarua kimeshushwa kutwa, mwishowe hupoteza usiku na mchana. Saa 5 asubuhi anasinzia, saa 8 usiku macho makavu. Mchana chakula hakipiti, usiku maumivu yanamzidi. Nyumbani watasema ugonjwa umekaza. Huenda umekaza kweli, na hilo lipimwe hospitali. Lakini mara nyingi kilichovurugika, juu ya ugonjwa wenyewe, ni saa ya mwili. Hiyo inatengenezeka hapo hapo uani kwa mwanga wa asubuhi, giza la usiku na mlo unaokuja kwa wakati wake.

Maelezo haya ni kwa aliyemaliza au anayeendelea na dawa za TB na bado hana nguvu, mwenye kisukari, VVU, moyo au baridi yabisi, aliyebaki na uchovu baada ya UVIKO-19, na yule aliyelazwa muda mrefu kwa kuvunjika. Hayatibu hata mojawapo ya maradhi hayo. Kinachotarajiwa ni usingizi ulionyooka, hamu ya kula mchana, moyo mwepesi kidogo, na nguvu za kuanza mazoezi.

Watu walishawahi kulitegemea jua kuliko hivyo. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu TB ya ngozi kwa mwanga wa taa, na mwaka huo huo daktari Auguste Rollier alifungua kliniki milimani Leysin, Uswisi, akiwaanika juani wagonjwa wa TB ya mifupa. Rollier alianza na miguu tu kwa dakika chache, akapanda kidogo kidogo, na mwendo huo bado ni wa kuigwa. Ila TB ilianza kupona kwa uhakika baada ya streptomisini kupatikana mwaka 1943 na isoniazidi kuanza kutumika mwaka 1952. Anayeacha vidonge vya miezi 6 ili akaote jua amejirudisha enzi za kabla ya dawa hizo.

Saa yenyewe

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vifundo viwili vyenye seli za neva kama 20,000. Hivyo ndivyo saa kuu. Zikikosa mwanga wa mchana huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kidogo, kwa wastani dakika 10 hivi, kwa hiyo mtu aliyefungiwa chumba cha giza huzidi kuchelewa kulala na kuamka kila siku bila kujua. Kinachozirekebisha ni seli maalumu za jicho zenye melanopsini, ambazo hazihusiki sana na kuona maumbo. Kazi yake ni kupima wingi wa mwanga, hasa ule wa buluu ya anga.

Wingi huo jicho halikuambii vizuri, kwa sababu linazoea haraka. Chumba kinachoonekana kina mwanga wa kutosha huwa na luksi (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 300. Chini ya mwembe, nje, unapata maelfu. Siku ya mawingu ya masika bado ni maelfu. Juani kabisa ni kama 100,000. Ndiyo maana kukaa sebuleni na taa imewashwa hakuhesabiki kuwa ni kupata mwanga.

Jua la Kigoma haliendi na saa ya ukutani

Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata nchini kwetu. Kigoma iko karibu nyuzi 29.6. Kila nyuzi ni dakika 4, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa kwa kama saa nzima. Tabora liko nyuma kwa dakika 49 hivi, Dar es Salaam kwa dakika 23 tu. Anayeswali analijua hili bila hesabu: Adhuhuri ya Kigoma huingia karibu na saa 7, na hapo ndipo jua lilipopita utosini kweli.

Kwa mwaka mzima, jua huchomoza Kigoma mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, karibu saa 12:35 asubuhi, na huchelewa zaidi mwezi Julai, karibu saa 1:12. Huzama kati ya saa 12:54 jioni (Mei na Novemba) na saa 1:24 usiku (Februari). Ushauri wa redio ya Dar unaosema “saa 12 na nusu uwe umeshaota jua” unakutoa nje gizani. Fuata jua lenyewe. Ukiishi nyuma ya kilima cha mashariki, usingoje mpaka duara la jua likufikie: anga likishakuwa jeupe, mwanga upo.

Na usitangulie. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na mkoa huu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi. Mgonjwa atoke jua likishachomoza, si wakati wa adhana ya alfajiri.

Wiki ya kwanza: andika tu

Usibadilishe kitu kwa siku 7. Kwenye daftari la shule chora safu: saa aliyolala, saa aliyoamka, mara alizoamka usiku, usingizi wa mchana, saa za kula, dakika alizokaa nje, na maumivu au uchovu kwa namba 0 hadi 10. Andika asubuhi kwa usiku uliopita, si kila dakika. Mtu anayechungulia saa usiku kucha hulala vibaya zaidi. Siku ya 8 tafuta saa ya kawaida ya kuamka. Hiyo ndiyo nguzo, na bila hiyo yanayofuata ni kubahatisha.

Kipimo cha asubuhi

Weka kiti cha kamba au jamvi mahali penye anga wazi upande wa mashariki. Kibaraza chenye bati refu hupunguza mwanga sana, kwa hiyo sogea mpaka ukingoni. Mgonjwa aelekee upande wa mwanga, lakini asilikodolee jua, maana kulitazama moja kwa moja huunguza nyuma ya jicho bila maumivu na huenda doa likabaki. Kofia na miwani ya jua viwekwe kando kwa muda huo, isipokuwa daktari wa macho ameagiza. Miwani ya kusomea haina neno. Juni hadi Agosti asubuhi ina ubaridi na upepo wa ziwa, mfunike kitenge au blanketi. Tunachotaka ni macho yapate mwanga, ngozi haina haraka.

Anza ndani ya saa moja baada ya kuamka. Mwenye nguvu kiasi akae dakika 30 kukiwa kweupe, dakika 45 hadi 60 kukiwa na mawingu. Aliye dhaifu aanze na dakika 10, aongeze 5 kila baada ya siku 3. Anaweza kunywa uji, kuchambua maharage, kusali, kuongea na simu. Si lazima akae wima: kulala chali kwenye jamvi kivulini, anga likiwa wazi, kunatosha.

Kipimo cha kuendelea ni kesho yake. Wagonjwa wa uchovu wa muda mrefu huweza kujisikia vizuri leo wakaanguka baada ya siku moja au mbili. Uchovu ukipanda kwa namba 2 au zaidi kwenye daftari, punguza muda wa nje uwe nusu na ukae hapo wiki nzima. Mara nyingi kilichomchosha ni kutembea mpaka uani na kukaa wima, wala si mwanga, kwa hiyo mbebe au msogezee kitanda kabla ya kupunguza muda.

Asiyeweza kutoka, geuza kitanda uso uelekee dirishani, usizidi hatua moja kutoka dirishani, maana mwanga hupungua upesi kadiri unavyoingia ndani. Fungua mbawa za dirisha, funga chandarua juu, sogeza pazia lote. Vile vioo vya giza vya madirisha ya aluminiamu hula mwanga mwingi, vifungue. Muda uwe mara mbili ya ule wa nje. Kwa mwenye TB, dirisha lililo wazi lina faida ya pili: hewa inayopita hupunguza vimelea chumbani, na jua linaloingia moja kwa moja huviua.

Aliyegeuza usiku kuwa mchana

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa nia njema. Chukua mgonjwa anayelala saa 9 usiku na kuamka saa 5 asubuhi. Ndugu wanamwamsha saa 12:45 kwa nguvu, wanamtoa juani. Baada ya wiki analala saa 10 alfajiri.

Sababu ni hii. Joto la mwili hushuka kabisa saa 2 au 3 kabla ya mtu kuamka mwenyewe. Mwanga mkali unaokuja baada ya hapo huivuta saa ya mwili mapema. Unaokuja kabla ya hapo huisukuma nyuma. Huyu joto lake liko chini kabisa karibu saa 2 au 3 asubuhi. Kwa mwili wake, saa 12:45 bado ni katikati ya usiku.

Mwache aamke saa 5, mpe mwanga hapo hapo. Baada ya siku 2 mwamshe saa 4:40, mwanga papo hapo. Siku 2 nyingine, saa 4:20. Ukivuta dakika 20 kila siku 2, kwa wiki 3 hivi atakuwa anaamka kabla ya saa 2 asubuhi. Mlo wa kwanza nao uvutwe pamoja na kuamka. Ikikwama, kaa hapo siku 4 halafu endelea. Usiruke.

Kinyume chake ni mzee anayesinzia saa 2 usiku na kuamka saa 8 usiku, akingoja kukuche. Huyo saa yake imetangulia. Mwanga wa mapema utamwongezea tatizo. Asubuhi akae ndani au kivuli kizito mpaka saa 3, halafu mtoe nje saa 10 hadi 12 jioni. Kigoma ina bahati hapo: jioni jua liko upande wa ziwa, na mwanga ni mwingi mpaka dakika ya mwisho. Asikae akitazama mng'ao wa maji.

Vitamini D ni shughuli nyingine

Jua la asubuhi na mapema linapanga saa ya mwili, lakini halitengenezi vitamini D ya maana. Miale inayoitengeneza hupenya vizuri jua likiwa juu, na kioo cha dirisha huizuia. Pima kwa kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ipo, kikiwa kirefu kuliko wewe, ni kidogo mno. Kigoma kivuli huwa kifupi kuanzia saa 4 hivi asubuhi mpaka karibu saa 10 jioni. Mwezi Juni muda huo hufupika, kama saa 4:40 hadi 9:30.

Mikono na miguu ikiwa wazi, dakika 15 hadi 30, mara 2 au 3 kwa wiki, zinatosha kwa wengi wenye ngozi nyeusi. Kukaa zaidi hakuongezi, kwa sababu ngozi ikishajaza kiasi chake huanza kuivunja ile iliyozidi. Anayevaa baibui nje atumie ua wa ndani wenye uzio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania ulikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango kizuri, nao ni watu wanaoshinda nje. Mgonjwa wa ndani hayuko kundi hilo hata kama mkoa wake una jua mwaka mzima. Akiwa na maumivu ya mifupa na udhaifu wa mapaja, aombe kupimwa au kupewa vidonge.

Jioni na usiku

Kazi ya asubuhi hubomolewa na taa ya usiku. Melatonini, homoni ya usingizi, huanza kupanda kama saa 2 kabla ya usingizi, na taa nyeupe ya LED juu ya kichwa katika chumba kidogo huirudisha chini. Kuanzia saa 2 usiku tumia balbu moja ya mwanga wa njano, kwenye boksi iwe imeandikwa 2,700 K, na uiweke chini, nyuma ya mgonjwa. Taa nyingi za sola ni nyeupe kali, igeuzie ukutani. Kibatari usikirudishe kwa kisingizio cha mwanga hafifu, moshi wake ni adui wa mapafu. Simu ishushwe mwanga mpaka mwisho na isishikwe karibu na uso. Mgonjwa akilala sebuleni, televisheni izimwe au yeye ahamishwe.

Usiku kwa chooni au kumpa dawa, tochi ndogo ielekezwe sakafuni. Taa ya ulinzi ya jirani inayoingia dirishani izuiwe kwa kanga mbili zilizopangwa pamoja.

Mlo, kahawa, vidonge

Ini na kongosho vina saa zake, navyo husikiliza chakula zaidi ya mwanga. Kifungua kinywa kiwe ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka, hata kama ni kikombe kimoja cha uji. Mlo mkubwa uwe mchana. Ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese saa 4 usiku ni mzigo, na kwa mwenye kisukari ni zaidi, kwa sababu usiku mwili husukuma sukari vibaya. Chakula cha mwisho kiishe kufikia saa 2 usiku.

Nusu ya kafeini bado iko mwilini saa 5 baada ya kunywa. Kahawa ya Kalinzi ni nzuri, na kahawa chungu ya barazani Ujiji jioni ina utamu wake wa maongezi, lakini kwa mgonjwa kikombe cha mwisho ni saa 8 mchana. Aende barazani, anywe maji.

Dawa: prednisoloni ya mara moja kwa siku kwa kawaida humezwa asubuhi na chakula, maana ikimezwa jioni hukimbiza usingizi. Furosemidi ikimezwa usiku humwamsha kukojoa. Dolutegraviri (dawa ya VVU) huwanyima usingizi baadhi ya watu, nao wanaweza kuomba wahamishiwe asubuhi. Saa ya dawa yoyote ibadilishwe na aliyeiandika au mfamasia, si na mwongozo kama huu.

Usingizi wa mchana usizidi dakika 30 na uishe kabla ya saa 9, chumba kikiwa na mwanga.

Wanaohitaji ushauri kwanza

Doksisaiklini, kotrimoksazoli, haidroklorothiazaidi na klopromazini hufanya ngozi iungue upesi. Mwenye dawa hizo apate mwanga wa asubuhi kivulini, mikono mirefu, na aache lile jua la kivuli kifupi. Mwenye lupasi (kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe) vivyo hivyo. Mwenye ualbino akae kivuli kizito na kofia pana, na macho yake yaangaliwe na mtaalamu. Mwenye selimundu asipigwe na ubaridi wa Julai wala joto la saa 7, na anywe maji kabla hajatoka. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu avae viatu, kwani mchanga wa mchana humuunguza bila yeye kujua.

Mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka aangaliwe kwa makini. Akianza kulala kwa muda wa saa 3 tu na kuamka na nguvu tele, maneno mbio, mipango mikubwa, simamisha mwanga na mpeleke hospitali siku hiyo.

Nyumba za wavuvi

Kibirizi, Katonga na kwingineko mwaloni, nyumba nzima hufuata dagaa: kazi usiku wa giza, mapumziko siku za mbalamwezi. Mvuvi mwenyewe akirudi alfajiri avae kofia na miwani ya jua njiani, alale moja kwa moja chumba cha giza mpaka saa 7. Siku za mbalamwezi asigeuke kabisa kuwa mtu wa mchana; akilala saa 8 usiku mpaka saa 4 asubuhi, mwili hauyumbi sana giza likirudi. Anayepona asirudi ziwani usiku mpaka daftari lake lionyeshe wiki 4 mfululizo za usingizi uliotulia. Kushona nyavu na kuanika dagaa mchana ni kazi ya kutosha kwa kuanzia, na inampa mwanga bure.

Isiposogea

Wiki 2 za kwanza usitegemee kingine zaidi ya saa ya kulala kusogea. Hamu ya kula na nguvu huja nyuma yake. Wiki 3 zikipita bila chochote, angalia haya kwa mfuatano: Je, Jumapili anaachwa alale mpaka saa 4? Analala mchana saa 2 nzima? Kuna simu chini ya mto? Dakika 30 za nje ni za kweli, au nusu yake alikuwa chini ya bati? Kisha tafuta chanzo kingine: maumivu yasiyodhibitiwa, upungufu wa damu, tezi ya shingo, msongo wa mawazo, au kukoroma kunakokatika pumzi. Hayo mwanga hauyawezi.

Homa mpya, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito, miguu kuvimba, kupumua kwa shida akilala chali, au maneno ya kutaka kufa si mambo ya saa ya mwili. Nenda hospitali bila kungoja wiki iishe. Ubebe daftari. Daktari ataanza na safu tatu: saa ya kuamka, mara za kuamka usiku, na namba ya maumivu, kwa hiyo hizo ziandikwe kwa kalamu inayosomeka.